Tundu Nyuma ya Nyumba

Mgeni anayefika Machochwe kwa mzee Nyangwine huonyeshwa kwanza ng'ombe, kisha kiti, na akishashiba hujionea mwenyewe tundu. Liko ukuta wa nyuma, chini kabisa, upana wa mabega ya mtoto wa miaka sita. Halikutobolewa na mvua, maana kingo zake zimesiribwa vizuri kwa udongo na samadi. Mgeni mwenye adabu huuliza kama ni la kuku. Huambiwa ndiyo. Nyangwine hafugi kuku.

Aliyelitoboa ni binti yake Waisiko, ambaye mwaka nyumba hiyo ilipojengwa, 1959, alikuwa na miaka kumi na mitatu, au kumi na saba, kutegemea anayehesabu ni nani. Karani aliyekuja kuandika watu alijaribu zote mbili, akafuta zote mbili, akaandika "mtoto wa kike" na kwenda zake.

Kabla ya Machochwe familia hiyo ilikaa mwendo wa asubuhi moja kuelekea mashariki, mahali ambapo majabali yamejikusanya nyikani kama watu waliosahau walichokuja kuzungumza. Walikuwa watano: Nyangwine, mkewe Rhobi, bibi Bhoke aliyemzaa Nyangwine, Waisiko wa miaka tisa, na Mogesi wa miaka sita, ambaye alikuwa wa mwisho na alijua hivyo.

Bibi Bhoke alikuwa na mwiko kwa kila jambo. Usikalie kinu. Usipige mluzi ndani ya zizi. Usimruke mtu aliyelala. Aliisema akisaga ulezi, jiwe likienda na kurudi, na wajukuu waliisikia kama watu wanavyosikia mvua. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote:

"Mtu akipotea, akafanyiwa matanga, watu wakanyoa, halafu akarudi, asipite langoni. Asimame nje. Ukuta wa nyuma utobolewe, mbuzi achinjwe, apakwe majani ya tumboni mwa mbuzi, aingizwe kwa lile tundu kama anavyozaliwa. Lango ni la walio hai. Yeye si hai mpaka azaliwe tena."

"Na akipita langoni, bibi?" aliuliza Mogesi.

"Atakuwa ameingia," alisema bibi, "lakini hatakuwa amefika."

Mogesi akaomba ugali.

Siku moja ya mwaka 1951 mtamba mwekundu wa Nyangwine alijitenga na kundi akaelekea kwenye majabali. Katika nchi ile ng'ombe akipotea ameibwa, na mwizi kama hajulikani bado, atajulikana baada ya mishale. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ng'ombe wengine huondoka kwa hiari. Waisiko na Mogesi walimfuata mtamba mpaka kwenye ufa kati ya mawe mawili, mwembamba kiasi kwamba mtamba hakupaswa kupita. Alipita. Wakapita nyuma yake, Waisiko amemshika mdogo wake mkono.

Upande wa pili palikuwa na nyika ileile, ila jua lilikuwa linachomoza kule lilikozama jana, na hewa ilinukia maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Kulikuwa na nyumba, na zizi kubwa la miiba. Ndani ya zizi walikuwa watoto. Nje, kwenye vigoda, walikaa ng'ombe.

Ng'ombe mmoja mzee, mweusi mwenye pembe moja, aliinuka akawajia. Mogesi alikuwa amefundishwa kumwamkia kila mkubwa, na huyu alikuwa mkubwa kweli.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu ng'ombe. "Miaka saba nilikaa kwenu. Sikuwahi kuamkiwa. Nilikuwa naambiwa toka shambani."

"Mtatula?" aliuliza Waisiko.

"Kwa meno gani, binti? Haya ni ya majani. Tunawakamua tu, jioni."

"Sisi hatuna maziwa."

"Mna kwenu. Kila mtoto ana kwao. Utainamia kibuyu, utasema kitu kimoja cha kwenu, kitatoka, ukalale. Basi."

"Kikishatoka kinarudi lini?"

Pembe Moja alimtazama kwa macho yale makubwa ambayo ng'ombe hutazamia mtu asiye na haraka ya kuelewa. "Ninyi mlipotukamua, mlikuwa mnaturudishia?"

Jioni ilipofika Mogesi alishika kibuyu kwa mikono miwili, akasema ndani yake, "Tuna mbwa, ana sikio moja, anaogopa kuku." Kibuyu kikajaa, cheupe, chenye povu. Ng'ombe wakapokezana. Mmoja alicheka mpaka akatikisa nundu. Waisiko akatoa kisa cha baba yake kuanguka mtoni na kusingizia mamba. Nacho kilipendwa.

Asubuhi alimwambia mdogo wake, "Mbwa wetu sasa hivi anakutafuta."

"Mbwa gani?" alisema Mogesi.

Waisiko alidhani ni utani. Kisha akamwona mtoto mmoja pembeni ya zizi, mvulana mkubwa kidogo, amepiga magoti anatafuna majani bila haraka. Mtoto mwingine alisema huyo anayetafuna anaitwa Rubeni, na kwamba ni yeye msemaji tu aliyebaki analikumbuka jina hilo.

"Rubeni, wewe wa wapi?" aliuliza Waisiko.

"Wa hapa."

"Kabla ya hapa?"

Rubeni alitafuna, akafikiri, akameza. Shingoni alikuwa na medali ya misheni, ya Bikira Maria, imefungwa kwa uzi mweusi.

"Na hiyo ni nini?"

"Kengele yangu," alisema Rubeni, akairudia kazi yake.

Siku nzima Waisiko alikaa na jambo hilo. Mtoto wa miaka sita hana vitu vingi vya kwao. Alipomuuliza Mogesi anakumbuka nini, alitaja mama; ugali wa mama; mgongo wa mama, alivyobebwa akiwa na homa; na fisi, ambaye hakuwa wa kwao hasa. Jioni nne, basi. Baada ya hapo angeletewa kengele yake.

Akamwendea Pembe Moja. "Naweza kutoa vya watu wawili?"

"Unaweza. Utakauka mara mbili upesi."

"Mimi ni mkubwa," alisema Waisiko, "ninavyo vingi."

Jioni ya pili alitoa wimbo wa kusaga na hadithi zote za fisi. Jioni ya tatu alitoa majina ya mababu, ambayo alikuwa ameyajua mpaka wa saba, na majina ya vijito vyote kati ya kwao na Mto Mara. Kila kilichotoka aliona mahali pake pakibaki pamesafishwa, kama uwanja uliofagiliwa, na hakujua nini kilikuwa pale. Mogesi alilala karibu yake akimsimulia habari za mama, neno kwa neno, kila usiku zilezile. Waisiko alizilinda kama mlinzi anavyolinda ghala lisilo lake.

Jioni ya nne alikuwa amechoka. Alibakiwa na nyuso za watu wake watatu, na njia ya kurudi, na lundo la miiko ya bibi. Nyuso hakutaka kuzitoa. Njia aliihitaji. Miiko, kusema kweli, hakuona ya nini: nani anapiga mluzi zizini akiwa upande huu wa majabali? Akaitoa yote kwa mkupuo mmoja, kwa zamu yake na ya Mogesi, akaona amepunguza mzigo kwa akili.

Ng'ombe walionja. Mmoja alitema. "Mnaishi hivi?" aliuliza.

Alfajiri Pembe Moja alikuja zizini akaondoa mwiba wa mlangoni kwa pembe yake.

"Ondokeni," alisema. "Umebakiwa na nyuso. Leo utatoa mmoja, na mimi mama yako sitamnywa. Nilimjua. Mikono yake ilikuwa ya joto, hata asubuhi za baridi alikuwa anaisugua kwanza kabla hajanishika."

Ndipo Waisiko alipotambua kwamba huyu alikuwa ng'ombe wa baba yake, yule ambaye kwa ajili yake Nyangwine na kina Heche, jirani zao waliodhaniwa kumwiba, walipigana mishale kabla yeye hajazaliwa.

"Lakini sikiliza," aliendelea ng'ombe. "Ile miiko yako haikunilaza. Mmoja umenikaa kooni. Jioni moja ya hapa ni mwaka mzima wa kwenu, watakuwa wameshawalilia. Msipite langoni. Simameni nje, mwiteni bibi, mpaka ukuta utobolewe. Umesikia?"

Waisiko alisikia. Alisikia kama mtu anavyosikia redio ya dukani akiwa anapita barabarani: maneno yalikuwa maneno, hayakumshika. Mahali pa kuyaweka palikuwa pamefagiliwa.

"Umesema nini?" aliuliza.

Pembe Moja akarudia. Akarudia tena, polepole. Kisha akashusha kichwa. "Maziwa hayarudi kiweleni," alisema. "Nilijua. Nilitaka tu kujaribu. Nendeni, na mkono wa mdogo wako usiuachie."

Hilo la mwisho lilikuwa ushauri wa ng'ombe mwenyewe, halikutoka kibuyuni, na Waisiko alilishika karibu mpaka nyumbani.

Walitoka kwenye ufa jua likielekea magharibi, upande wake wa haki. Ua wa minyaa kuzunguka mji wao ulikuwa umekua kupita kichwa cha mtu mzima. Langoni mlango mpya wa miti ulikuwa umewekwa. Ndani, uwanjani, Rhobi alikuwa ameketi anapepeta ulezi kwenye ungo. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa wakati fulani na sasa zilikuwa zinarudi, nyeupe. Miaka miwili alikuwa amekataa matanga ya watoto wake. Mwaka wa tatu wazee walimwambia kwamba anawanyima usingizi marehemu, akakubali.

"Mama!" alisema Mogesi.

Hapo hapo Waisiko alikanyaga mwiba. Aliinama kuuchomoa, na ili kuuchomoa alihitaji mikono miwili.

Alipoinua kichwa, Mogesi alikuwa ameshapita langoni. Alimwona akikimbia uwanjani, miguu yake mifupi ikipiga vumbi. Alimwona akipanda mapajani mwa mama yake, akiegemeza kichwa pale alipokuwa amepasimulia kila usiku. Rhobi akatazama lango, lililokuwa linayumba.

"Upepo," alisema, bila kumwambia mtu.

Kisha akajipangusa mapaja kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayeondoa makapi, akaendelea kupepeta.

Mogesi akageuza uso kumtafuta dada yake. "Mama haniangalii," alisema.

Waisiko aliinua mguu aingie.

"Simama hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya bibi Bhoke, akitoka shambani, jembe begani. "Usiweke mguu huo chini! Waisiko! Ni wewe? Usijibu. Jibu. Ni wewe?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Uko peke yako?"

"Niko na Mogesi. Yeye kaingia."

Bibi alitazama uwanjani. Aliona mkwewe akipepeta, na makapi yakiruka.

"Kaingia wapi?"

"Langoni."

Bibi Bhoke, ambaye hakuwahi kuketi njiani kwa sababu nako kulikuwa na mwiko, aliketi njiani.

Mbuzi alichinjwa. Ukuta wa nyuma ulitobolewa kwa shoka. Waisiko alipakwa majani ya tumboni kuanzia kichwani, akavutwa ndani kwa mabega huku wanawake wakipiga vigelegele na kulia kwa pamoja, kila mmoja akichagua chake. Mama yake alimpokea upande wa ndani. Kutoka hapo Waisiko alikuwa hai, na kutoka hapo hakumwona Mogesi tena. Tundu likazibwa.

Lakini majivu yalimwona. Kila asubuhi, kando ya mafiga, palikuwa na nyayo ndogo zinazozunguka kigoda cha Rhobi. Na jioni, Rhobi alipoketi, mapaja yake yalipata joto kama ya mtu aliyembeba mtoto. Hakumwambia mtu. Aliacha tu kuinuka upesi.

Nyangwine aliposimuliwa habari yote alisikiliza mpaka mwisho, maana ilikuwa na ng'ombe.

"Pembe Moja aliibwa na kina Heche," alisema. "Kovu la mshale hili hapa."

"Hakuibwa, tata," Waisiko alimwambia baba yake. "Alihama."

Nyangwine alihesabu ng'ombe wake siku mbili. Ya tatu akamfuata binti yake kisimani, jambo ambalo wanaume hawalifanyi.

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema mama ana mikono ya joto."

"Na mimi?"

Waisiko akajitwika mtungi.

Bibi Bhoke alijua dawa. Ilikuwa moja tu. Aliyeingia vibaya anaweza kutolewa nje kwa tundu la nyuma na kuingizwa upya kwa tundu hilo hilo; lakini lazima aitwe kwa jina, na wa kumwita ni mama aliyemlilia. Tena aitwe mara moja. Asipoitika, amekwenda.

"Muite, mama," Waisiko alisema kila mwaka ulezi ulipovunwa.

"Usiniambie."

"Yuko hapo. Unajua yuko hapo."

"Ndiyo, yuko hapo!" alisema Rhobi, mkono juu ya paja. "Joto ninalo. Nikiita asipoitika, nitabaki na nini? Wewe ulipewa kuchagua cha kutoa. Mimi niache nichague cha kubaki nacho."

Waisiko alikuwa amemlindia mdogo wake mama, mzima, bila kupungua, na ni huyo mama aliyemkimbilia langoni. Angekuwa amemwacha amsahau kidogo, labda angetembea.

Alipelekwa shule ya misheni, darasa la kwanza, akakaa na watoto waliozaliwa alipokuwa zizini. Rika lake walikwisha kuwa wari na wengine kuolewa. Bibi Bhoke alimfundisha tena miiko yote, mmoja mmoja, jiwe likienda na kurudi, na safari hii Waisiko alisikiliza. Mwaka 1957 bibi alifariki. Alipitishwa kunakostahili.

Mwaka 1959 watu walikuja na kamba na vigingi, wakapiga mstari. Upande mmoja wa mstari ungekuwa wa wanyama, upande mwingine wa watu, na nyumba ya Nyangwine ilikuwa upande wa wanyama. Walieleza kwa upole. Nyangwine aliuliza kama ng'ombe ni wanyama. Walisema hapana, si kwa maana hiyo. Familia ikapewa siku ya kuhama.

Mali ilikuwa kidogo: vyungu, ngozi, vibuyu, jiwe la kusagia ambalo liliachwa kwa uzito wake. Asubuhi ya kuondoka Rhobi aliketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga, hakuinuka.

"Mama, ng'ombe wameshatolewa."

"Nendeni. Nitakuja."

"Huji," alisema Waisiko. "Ukiinuka hapo hujui kama atakufuata, na ukibaki watakuja kuchoma nyumba." Alikuwa ameshika shoka. "Natoboa."

Rhobi alitazama mapaja yake. "Sijalitamka jina hilo tangu matanga," alisema. "Sijui kama mdomo wangu unalijua."

"Mimi nilitoa majina saba ya mababu ili ulimi wake usilipoteze lako. Analijua lako. Toka nje, mama. Ita."

Ukuta ulikuwa mkavu, ukavunjika kwa mapigo machache. Waisiko alimwaga majivu kwenye kizingiti cha tundu, ndani na nje, kwa mikono. Hapakuwa na mbuzi. Nyangwine alikuwa ameshawapeleka mbele. Rhobi akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akasugua viganja vyake kimoja kwa kingine, kama asubuhi za baridi.

"Mogesi," alisema.

Mara moja tu. Walisubiri. Ndege waliendelea na habari zao.

Kisha Waisiko akaona majivu. Unyayo mmoja upande wa ndani. Mkono, vidole vitano, kwenye kizingiti. Unyayo upande wa nje, na mwingine, na mwingine, mpaka majivu yalipokwisha na vumbi la njia lilipoanza. Rhobi alifungua mikono.

Ndipo Nyangwine, aliyechoka kusubiri, alipolipitisha kundi nyuma ya nyumba. Kulikuwa na njia mbili, na hii ilikuwa fupi. Ng'ombe walipita kati yao, kwato mia moja na zaidi, na vumbi likasimama kama ukuta. Waisiko alipiga kelele. Baba yake akadhani anahimiza ng'ombe, akawachapa waende kasi.

Vumbi lilipotua, hapakuwa na unyayo wa mtu yeyote, hata wa Rhobi. Njia moja kutoka pale ilikwenda Machochwe. Nyingine ilikwenda kwenye majabali. Rhobi alibaki na mikono wazi mpaka Waisiko alipoishusha.

Nyangwine aliposimuliwa, njiani, hakutaja kovu. Alitembea nyuma ya kundi mpaka Machochwe, akiangalia chini.

Mapaja ya Rhobi hayajapata joto tangu siku hiyo. Siku ya kusiriba nyumba mpya, Waisiko aliacha tundu ukuta wa nyuma. Baba yake alidhani ni kosa, akaliziba; likatobolewa. Akaliziba tena. Mara ya tatu alipokuta limetobolewa alisimama akalipima kwa macho, akaleta udongo mwenyewe, akasiriba kingo zisije zikamkwaruza mtu. Halijawahi kupanuliwa. Huyo anayesubiriwa hakui.

Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Waisiko huenda nyuma ya nyumba na majivu kwenye kipande cha kibuyu. Huyamwaga kizingitini, huyalainisha kwa kiganja, kisha huinamia tundu na kusema ndani yake kitu kimoja cha kwao: mbwa mwenye sikio moja, homa, ugali. Humalizia na mwiko, ule mrefu, ambao sasa anaujua wote.

"Usipite langoni, Mogesi," husema. "Pita huku."